Wauzaji wa intaneti watueleze vipimo vyao waziwazi

Jirani yangu mmoja hapa Mombasa, mzee aliyestaafu zamani, alifanya kazi ya ukarani wa mizani kwa zaidi ya miaka thelathini katika maghala ya chai na kahawa. Kazi yake ilikuwa kutazama gunia likiwekwa juu ya mizani, kusoma uzani, kuuandika daftarini na kutia sahihi. Hakubeba gunia, hakuuza wala hakununua. Lakini muuzaji na mnunuzi walilipana kwa kuiamini kalamu yake. Mtu wa aina hiyo hastaafu kabisa. Hata leo akitumwa sokoni na mkewe, hukagua mawe ya mizani kabla ya kuuliza bei, na wauza samaki wa mtaani humwita Bwana Karani, kwa heshima na kwa hofu kidogo.

Jioni moja mwezi uliopita alinijia barazani na daftari mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba harakaharaka kama mtu aliyebeba neno zito, kisha akaketi.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee hesabu hii uniambie kama nimeibiwa."

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mzee alikuwa ametiliwa intaneti ya nyumbani kwa ajili ya masomo ya wajukuu. Alilipia huduma ambayo muuzaji aliiita "mega 10". Mjukuu mmoja akataka kupakua video ya somo la sayansi, na kompyuta ikaonyesha kwamba ukubwa wake ni mega 600. Mzee akagawa 600 kwa 10, akapata sekunde 60. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akangoja. Video ilichukua dakika nane na nusu, zikipungua sekunde chache. Asubuhi ya pili akarudia kwa video nyingine yenye ukubwa uo huo, na asubuhi ya tatu vilevile. Jawabu halikubadilika.

"Ni sawa na gunia la kilo 60," akaniambia, "nikalipima nikakuta kilo saba."

Nilimjibu kwamba hakuibiwa. Nilimweleza kwamba mega alizouziwa ni megabiti, ilhali mega alizozipakua ni megabaiti. Kwamba baiti moja ni biti nane. Kwamba megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1 na robo tu kwa sekunde. Na kwamba video yake kwa haki ilistahili kuchukua dakika nane kamili, na zile sekunde za ziada zina sababu yake. Niliyasema yote hayo kwa ufasaha, na kila neno lilikuwa la kweli. Lakini nilipomaliza niliona haya. Nilijisikia kama wakili wa yule mfanyabiashara aliyebandika bei kwa ratili na kuuza kwa wakia, kisha akamlaumu mnunuzi kwa kutojua tofauti.

Mzee hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Na huyo aliyeniuzia, alijua kwamba mimi nahesabu baiti?"

Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi leo.

Ni vyema kwanza kumtendea haki mhandisi, kwani si yeye aliyekusudia kumpoteza mtu. Biti ni neno lililoingia katika maandishi ya kitaalamu mwaka wa 1948, katika makala mashuhuri ya Mmarekani Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell. Mwenyewe alikiri kwamba jina hilo alilipata kwa mwenzake, John Tukey. Biti ni jibu moja la ndiyo au la, ni taa kuwaka au kuzimwa. Hakuna kipande cha habari kilicho kidogo kuliko hicho. Baiti ilikuja miaka minane baadaye, mwaka wa 1956, ilipopewa jina na Werner Buchholz wa kampuni ya IBM, ikiwa ni fungu la biti linalotosha kuandikia herufi moja. Buchholz kwa makusudi aliliendeleza neno lake kwa Kiingereza kwa herufi zisizofanana sana na za biti, ili watu wasije wakayachanganya kwa kuteleza kwa kalamu. Tahadhari yake haikufua dafu. Tena kwa miaka kadhaa baiti haikuwa hata na kiasi kimoja, kwani mashine nyingine zilikuwa na fungu la biti sita. Ni baada ya IBM kutangaza mashine zake za System/360, mwaka wa 1964, ndipo desturi ya biti nane ilipoanza kutawala dunia.

Sasa, waya haujui herufi. Waya hupitisha biti moja baada ya nyingine, na mtu wa simu tangu enzi za telegrafu amekuwa akihesabu mapigo yanayopita, wala si maneno yanayoandikwa upande wa pili. Mfaransa Émile Baudot, aliyefariki mwaka wa 1903, aliboresha telegrafu hadi jina lake likawa kipimo cha idadi ya mapigo kwa sekunde. Sauti ya mtu katika simu ya kidijitali hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti nane, jumla biti 64,000. Kampuni za simu zilifunga njia 32 za aina hiyo pamoja, zikapata mshipa mmoja wa biti 2,048,000 kwa sekunde. Kwa watu hao, kuhesabu biti ni jambo la kawaida kama vile baharia anavyohesabu maili za baharini.

Sisi tulioanza kutumia intaneti kwa simu za nyumbani miaka ya mwisho ya 1990 tunaikumbuka modemu iliyokuwa ikilia kama paka aliyebanwa mlangoni. Iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya kilobiti 56, ambayo kanuni zake za kimataifa zilitolewa mwaka wa 1998. Tuliiona ni ajabu. Ukiigawa kwa nane utapata kilobaiti 7 kwa sekunde, na picha ya megabaiti moja ilihitaji zaidi ya dakika mbili, ikiwa laini haikukatika. Wakati huo waliokuwa na intaneti nyumbani walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wa kompyuta waliokuwa wakigawa kwa nane bila hata kufikiri.

Leo mteja ni mama lishe, ni mwanafunzi wa darasa la sita, ni karani mstaafu. Biti imetoka katika karakana ya mhandisi ikapandishwa kwenye bango la biashara, na huko ndiko ilikoharibika. Ugomvi wangu u hapo.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Ukinunua bando la simu, unauziwa kwa megabaiti au gigabaiti. Ukinunua huduma ya nyumbani, unauziwa kwa megabiti kwa sekunde. Kompyuta yako ikikuonyesha faili, inahesabu baiti. Katika maandishi ya kitaalamu tofauti ni herufi moja tu: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Katika matamko ya wauzaji hata herufi hiyo haipo; ni mega, basi. Mnunuzi asemaje? Akichukua kipimo cha bando akakitumia kwa huduma ya nyumbani, kama alivyofanya mzee wetu, ataamini amenunua mara nane ya kile alichonunua. Akifanya kinyume, atakuta gigabaiti moja ya bando inayeyuka kwa dakika kumi na tatu na sekunde ishirini katika njia ya megabiti 10, naye atadhani simu yake inanyonywa na mwizi. Kosa la kwanza humfaidi muuzaji. Kosa la pili hupeleka mteja kununua bando jingine. Sijapata kusikia kosa la vipimo hivi lililompa mteja faida.

Nilisema sekunde za ziada zina sababu yake, na hili mzee alilielewa upesi kuliko mimi nilipofundishwa mara ya kwanza. Habari za intaneti husafiri zikiwa zimekatwa vifurushi vidogo, na kila kifurushi kina karatasi yake ya juu yenye anwani ya kutoka na ya kwenda na alama za kukagua kama kimefika salama. Karatasi hizo nazo huhesabiwa ndani ya zile megabiti 10. Katika upakuaji wa kawaida huchukua karibu sehemu tano kwa kila mia.

"Ah," akasema Bwana Karani, "huo ni uzani wa gunia tupu. Sisi tulikuwa tukiutoa. Kahawa ililipiwa kwa uzani wake halisi, si pamoja na gunia."

Ndivyo. Ghalani waliutoa. Katika intaneti tunalipia kahawa pamoja na gunia, na hakuna anayetuambia gunia lina uzani gani.

Kuna fujo nyingine ambayo nitaipitia kwa haraka, maana si kubwa kama hiyo. Kilo katika lugha ya vipimo ni 1,000. Watu wa kompyuta, kwa kuwa mashine yao huhesabu kwa mbili-mbili, walizoea kuiita 1,024 kilo. Tofauti ni ndogo katika kilo, lakini hukua: katika mega ni karibu asilimia 5, katika giga zaidi ya asilimia 7, katika tera inakaribia asilimia 10. Mwendo wa data katika waya huhesabiwa kwa 1,000, ilhali kumbukumbu ya kompyuta huhesabiwa kwa 1,024. Ile disketi ya zamani iliyoandikwa megabaiti 1.44 ilikuwa kituko zaidi, kwa sababu mega yake ilikuwa 1,000 mara 1,024, kipimo ambacho hakikuwa cha huku wala cha kule. Mwaka wa 1998 Tume ya Kimataifa ya Umeme ilijaribu kuleta suluhu kwa kutunga majina mapya ya hesabu ya mbili-mbili: kibi, mebi, gibi. Kwa hiyo baiti 1,024 ni kibibaiti. Mswahili akilisikia neno hilo atadhani anatajiwa kibibi fulani, na labda ndiyo sababu sijamsikia mtu yeyote akilitumia dukani.

Majina, hata hivyo, si mzaha. Katika Kiswahili tumeyachukua maneno mawili, biti na baiti, yanayofanana kama mapacha, tukayatia katika vinywa vya watu bila kuwaeleza. Wafaransa walitumia busara zaidi. Wao baiti huiita octet, yaani fungu la nane, na katika maduka yao diski huandikwa kwa herufi o badala ya B. Mfaransa hawezi kuchanganya, kwa kuwa neno lenyewe linamwambia kwamba ndani mna nane. Sisi tuliokuwa na pishi na kibaba, ambapo kila mtoto wa pwani alijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, tulishindwaje kupata jina litakaloonyesha uhusiano wa kipimo kidogo na kikubwa? Wataalamu wetu wa istilahi wamekuwa wakijadili majina ya kompyuta kwa miaka mingi, tarakilishi dhidi ya ngamizi dhidi ya kompyuta yenyewe. Nawaheshimu. Lakini jina la mashine halijampunguzia mtu hata senti moja, ilhali mkanganyiko wa biti na baiti humgusa kila mwisho wa mwezi.

Mzee aliyasikiliza haya yote, akafungua ukurasa wa pili wa daftari lake. Kumbe hesabu aliyonionyesha ilikuwa ya asubuhi. Alikuwa amepima na jioni pia, saa mbili za usiku, wakati wajukuu wote wa mtaa wamerudi na wazazi wao wanatazama sinema. Video ile ile ya megabaiti 600 ilichukua dakika ishirini na sita usiku mmoja, na dakika thelathini na moja usiku mwingine. Hapo hoja ya kugawa kwa nane haikunisaidia kitu. Hata kwa kipimo cha mhandisi, mzee alipata chini ya theluthi moja ya alicholipia.

Nikamwomba anionyeshe mkataba. Uliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, herufi ndogo kama mayai ya chawa, lakini neno lililohitajika nililikuta: kasi ya hadi megabiti 10.

Hadi. Sijui neno jingine dogo lililobeba mzigo mkubwa kiasi hicho. Nenda kwa muuza nyama umwambie akupimie kilo, naye akujibu, "Nitakuuzia hadi kilo moja," kisha apokee fedha za kilo nzima na kukufungia robo. Watu watajaa. Muuza maziwa akikuambia chupa hii ina hadi lita moja, utaitikisa kwanza. Lakini katika intaneti tumelizoea neno hilo hata hatulisikii tena. Asemaye hadi kumi hakuahidi kumi, wala hakuahidi tano, wala moja. Ameahidi tu kwamba hatakupa kumi na moja.

Najua watetezi wa wauzaji watasema nini, na baadhi ya maneno yao ni ya kweli. Njia ya intaneti hugawanywa baina ya majirani kama bomba la maji la mtaa. Wakifungua wote kwa pamoja, kila ndoo hujaa polepole. Kumjengea kila mteja njia yake peke yake kungeipandisha bei hata mzee wetu asiweze kulipa. Aidha yapo mambo yaliyo nje ya uwezo wa muuzaji wa hapa. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na Afrika Mashariki nzima ikasota kwa siku kadhaa. Hakuna aliyewalaumu wauzaji kwa hilo. Nami nakiri pia kwamba tangu SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, hali yetu si ile ya zamani tulipotegemea setilaiti.

Lakini kukiri kwamba bomba ni la wote hakumzuii mwenye bomba kusema ni watu wangapi wanaolichota. Uingereza walikumbana na neno hilihili la hadi. Zamani kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ambayo mteja mmoja tu kati ya kumi aliipata. Tangu mwezi wa Mei mwaka wa 2018, kanuni za matangazo huko zinadai kwamba kasi inayotangazwa ipatikane na angalau nusu ya wateja, tena katika saa za msongamano, kuanzia saa mbili hadi saa nne za usiku. Marekani nao, mwezi wa Aprili mwaka wa 2024, walianza kuzilazimisha kampuni kubwa kubandika karatasi ya maelezo mfano wa ile iliyo kwenye kopo la chakula, inayotaja bei, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na muda wa ucheleweshaji. Nchi hizo hazikuvunja sheria za umeme. Zilidai tu kwamba bango liseme ukweli wa saa ambayo watu wako nyumbani.

Hiyo kasi ya kupakia, nikiri, mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau hadi nilipoanza kuandika makala haya. Wengi wetu tunauziwa tarakimu moja, ya kupakua, na ile ya kupeleka kutoka kwetu kwenda nje ni ndogo zaidi nayo haitajwi. Mwalimu anayefundisha kwa video akiwa nyumbani hutegemea hiyo isiyotajwa.

Hata neno kasi lenyewe lina udanganyifu ndani yake, ingawa sioni njia rahisi ya kulikwepa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, mteja awe amelipia megabiti 5 au 500. Kutoka Fujairah, unakoanzia waya wa TEAMS, hadi Mombasa ni karibu kilomita 5,000, na mwanga huufika umbali huo kwa sehemu ya arobaini ya sekunde. Muuzaji hawezi kuuharakisha. Anachouza ni upana wa mlango, yaani biti ngapi zipite kwa wakati mmoja. Ucheleweshaji ni kitu kingine, nao hupimwa kwa milisekunde. Enzi za setilaiti ishara ilipanda karibu kilomita 36,000 ikashuka, na jibu likapanda na kushuka vilevile, ikawa karibu nusu sekunde kabla ya kusikia mwenzako amesema nini, hata kama ulilipia mlango mpana kama lango la bandari. Mama anayezungumza na bintiye aliye kazini Ghuba anaijua tofauti hiyo vizuri, ijapokuwa hajawahi kuambiwa jina lake.

Kenya hatukosi sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika kikamilifu na alichonunua. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza maelezo yanayopotosha. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ipo tangu zamani, na kwa ajili yake mkaguzi huja sokoni na mawe yake yaliyothibitishwa akayalinganisha na ya mchuuzi. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, baada ya wakulima kulia kwa miaka na miaka juu ya lumbesa, lile gunia linaloongezwa shingo hadi libebe kilo zisizolipiwa. Lumbesa haijaisha, hilo tunalijua. Lakini angalau mkulima anapoonewa anaweza kutaja kilo na kila mtu akamwelewa. Mzee wetu atataja nini? Alipokwenda kulalamika katika ofisi ya muuzaji wake, binti aliyempokea, mwenye adabu zake zote, alimwambia aipime intaneti kwa programu iliyo kwenye simu. Wakaipima papo hapo. Ikasoma megabiti tisa na nukta. Mzee akaelezwa kwamba hana kesi.

Ni saa nne za asubuhi, kumbuka. Isitoshe, programu za namna hiyo kwa kawaida hupima njia hadi kituo kilicho karibu, na mara nyingine kituo hicho kimo katika mtandao wa muuzaji mwenyewe. Hupima barabara ya kutoka nyumbani hadi dukani, wala si safari ya kufika kule video iliko. Bwana Karani alipolitambua hilo ndipo nilipomwona akikasirika kwa mara ya kwanza.

"Yaani yeye ndiye muuzaji," akasema, "na mizani ni yake, na karani ni wake?"

Ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ni dogo, nalo halihitaji mtambo mpya. Kila tangazo na kila mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi kwa megabiti kama wahandisi wapendavyo, na kando yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, megabaiti kwa sekunde. Utaje kasi ya chini kabisa ambayo mteja ataipata saa mbili za usiku, na iwapo muuzaji hawezi kuitaja, basi asitaje ile ya juu pia. Utaje kasi ya kupakia. Na uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi kwa mujibu wa Katiba, ili karani mstaafu asihitaji mtu wa magazeti kumsomea alichotia sahihi. Mfano mmoja wa muda ungemaliza kazi yote: video ya megabaiti 600 itachukua dakika kadhaa asubuhi na dakika kadhaa usiku. Mzee alihitaji mstari huo mmoja tu.

Nimeambiwa na rafiki yangu mmoja aliye katika biashara hiyo kwamba kampuni itakayokuwa ya kwanza kuandika megabaiti itaonekana duni, kwa kuwa bango lake litasema moja na robo ilhali la jirani yake linasema kumi. Naamini asemavyo. Ndiyo maana siwaombi wauzaji wajitolee mmoja mmoja. Wachuuzi wa sokoni nao hawakuanza kutumia kilo kwa hisani yao.

Juzi jioni tuliandika barua, mimi na mzee, kwenda kwa meneja wa kampuni yake. Imechukua ukurasa mmoja na nusu, pamoja na jedwali la vipimo vya siku kumi na nne: asubuhi, adhuhuri na saa mbili za usiku, kila kimoja kikiwa na saa ya kuanza, saa ya kumaliza na sahihi ya aliyepima. Tulikwama mahali pamoja. Mzee hakutaka neno megabiti liwemo katika barua, kwa hoja kwamba si yeye aliyelichagua. Nilimsihi sana, tukaafikiana liwemo mara moja, katika mabano, baada ya tarakimu za megabaiti. Ataipeleka mwenyewe Jumatatu. Amesema atakwenda saa mbili za usiku, na alipoelezwa kwamba ofisi hufungwa saa kumi na moja, alijibu kwamba hilo nalo ataliandika.